Maziwa ya Aliyelala

Vikombe vilikuwa viwili. Mama Dada alivitazama juu ya sinia la bati vikitoa mvuke, kisha akamtazama mwanamke aliyevileta.

"Ni vya watoto," mwanamke alisema. "Niliwaona jana mchana mnaingia, nikasema hawa wamechoshwa na njia. Acha asubuhi niwapelekee chochote cha moto."

Ilikuwa asubuhi yao ya kwanza kambini. Gari-nyumba lao lilikuwa limeegeshwa chini ya miti, hatua chache kutoka ziwani, mahali ambapo wasafiri wenye magari ya kulala hutua siku kadhaa, wakafua, wakajaza maji, wakaendelea na safari zao. Lilikuwa basi dogo lililozeeka. Mume wake, fundi seremala, alilipata likiwa halina hata kiti kimoja kizima, akalitengeneza kwa mikono yake: meza ya kukunja, jiko dogo la gesi, tangi la maji, kitanda cha wakubwa kule nyuma, na ubavuni vitanda viwili vya watoto, kimoja juu ya kingine, kila kimoja na pazia lake. Alipoanza kuvipima vitanda hivyo watoto walikuwa wawili. Alipopigilia msumari wa mwisho alikuwa amebaki mmoja.

Aliyebaki alikuwa msichana wa miaka saba. Tangu mdogo wake azaliwe walizoea kumwita Dada, na jina likamganda, hata mama yake akawa Mama Dada, jambo lililomchekesha kila aliyelisikia mara ya kwanza. Mdogo alikuwa wa kiume, miaka mitatu, na homa ilimmaliza kwa siku nne. Miezi minane ilikuwa imepita. Safari hii ilikuwa wazo la Fundi: alitaka mkewe aone miti mingine, aongee na watu wengine, acheke hata kidogo. Lakini kitanda cha chini hakuwa na moyo wa kukibandua, na Mama Dada kila siku alianika juani mito miwili midogo, mmoja uliolaliwa na mmoja usiolaliwa. Mito hiyo ndiyo aliyoiona mwanamke huyu.

Watu wa pale walimwita Mama Maziwa. Ng'ombe wake walikuwa nyuma tu ya kambi.

"Mkubwa huyu hapa," alisema, akampa Dada kikombe. "Na mdogo je? Yuko wapi?"

Kuna neno ambalo Mama Dada hakuwahi kulitamka tangu siku ile. Watu walipompa pole aliitikia kwa kichwa. Alipomwandikia wifi yake aliandika, mtoto ametutoka. Sasa alisimama mlangoni pa gari, akauona uso wa mwanamke aliyeamka alfajiri kuwachemshia maziwa watoto asiowajua, na hakutaka kuumwagia uso ule uchungu wake.

"Amelala," alisema taratibu.

Alimaanisha vile wakubwa wanavyomaanisha wanaposhusha sauti. Mama Maziwa alisikia vile kila mtu anavyosikia asubuhi.

"Mwache apumzike basi. Akiamka mpe, mwambie ni maziwa yake."

Mama Dada akashukuru. Kuyamwaga hakuweza. Alikiweka kikombe kwenye ukingo wa kitanda cha chini, nyuma ya pazia, akashuka kwenda kumsaidia mumewe kukunjua viti.

Majirani zao walikuwa mzee mmoja aliyestaafu udereva wa treni na mke wake, Bibi, aliyekuwa hashiki sindano zake za kufumia ila kichwa kipo kwenye mazungumzo ya watu. Gari lao lilikuwa jeupe na refu. Walikuja na birika yao na viti vyao kana kwamba wamealikwa.

"Miaka thelathini na miwili nimeendesha kitu kisichojua kukata kona," mzee alisema. "Sasa huyu ananipa usukani."

"Anapiga honi kwenye kila njia panda," Bibi alisema. "Anadhani watu bado watampisha."

Mama Dada akacheka. Fundi alimtazama kwa pembe ya jicho, akainama haraka kukaza parafujo ya kiti ambayo haikuwa imelegea.

Ndipo gari lilipoinama. Si sana, ni vile linavyoinama mtu anapokanyaga ngazi na kuingia. Springi zikalia mara moja, upande wa vitanda vya watoto, kisha kimya. Wote watano walikuwa nje.

"Springi zimechoka," alisema Fundi.

"Zimechoshwa na nani, na sisi wote tuko hapa?" mzee akauliza.

"Chuma kikipoa hulia."

"Jua linapanda hilo, Fundi. Kinapoaje?"

Wakacheka. Mama Dada hakucheka. Alipopanda garini na kuvuta pazia, kikombe kilikuwa pale pale, kitupu. Mwanawe mdogo hakuwa anapenda utando wa maziwa. Siku zote aliuvuta kwa kidole na kuupaka ukingoni mwa kikombe. Utando ulikuwa umepakwa ukingoni, mbichi, na ndani yake alama ya kidole kidogo.

"Dada," aliita kwa sauti ya chini. "Umekunywa maziwa ya humu?"

"Si mimi."

"Basi nani?"

Dada alimtazama kama mtu anayeulizwa jambo la wazi. "Si ulisema amelala? Ameamka."

Mama mwingine labda angepiga kelele. Huyu alikaa chini kwenye sakafu ya mbao, akakipakata kikombe kifuani, na harufu iliyotoka nyuma ya pazia ilikuwa ya shingo ya mtoto aliyeamka na jasho, harufu aliyoitafuta kwenye nguo kwa miezi minane mpaka nguo zikaisha harufu.

Kesho yake Mama Maziwa alileta tena viwili. "Jana aliyanywa?"

"Aliyanywa yote," Mama Dada akasema, na maneno yakamtoka kirahisi.

*

Wema ukaendelea kuja, na kila wema aliupokea kwa mikono miwili.

Bibi alifuma kofia mbili za sufu, nyekundu ya Dada na ndogo ya kijani. "Huyu mdogo wako bado sijamtia machoni, mwanangu. Kila nikija amelala. Nimekisia tu kichwa." Mama Dada aliichukua ya kijani akaiweka kwenye mto wa chini, na jioni alipoishika ilikuwa ya joto na unyevu kwa ndani. Mzee alitengeneza ngazi ya pili, fupi, ili miguu midogo isipate shida kupanda. Hakuna aliyemwona mtoto huyo na hakuna aliyeshangaa, maana watoto wa safarini hulala ovyo, na mama yake alikuwa na majibu. Ameogopa watu. Ana mafua. Ndiyo kwanza amesinzia.

Mama Dada alianza kuimba akiosha vyombo. Fundi alimsikia, akaegemea mti akiwa na randa mkononi, asifanye chochote.

Aliyeuliza swali alikuwa mmoja tu: Shangazi, mwanamke mkavu, mwembamba, aliyewafulia wasafiri shuka. Alikuwa shangazi wa kweli wa Mama Maziwa, lakini kambi nzima ilimwita hivyo. Siku ya nne alileta shuka zilizokunjwa, akabaki na moja mkononi.

"Hili la kitanda kidogo cha chini. Nani analilalia?"

"Mtoto."

"Mtoto yupi?"

Mama Dada alinyoosha mkono kulichukua shuka.

"Linatoka tope," Shangazi alisema. "Nimelisuuza maji matatu na bado linatoka tope. Mmekuja wangapi hapa, mwanangu?"

"Wanne," Mama Dada alijibu, na hakupepesa macho.

Shangazi akamwekea shuka mikononi, akamgusa kiwiko kidogo kama mtu anayempima homa, akaondoka bila kusema zaidi. Na kweli, usiku ule harufu ya shingo ya mtoto ilikuwa imebadilika. Chini yake palikuwa na harufu nyingine: ya udongo uliochimbwa sasa hivi.

Siku ya tano Dada alisukuma sahani. "Nimeshiba. Yeye amekula."

"Wewe je?"

"Akila yeye mimi nashiba." Mikono yake ilikuwa baridi kama bomba la maji alfajiri. "Ananiambia nilale naye chini. Anasema kule kulikuwa na baridi."

"Kule wapi, mwanangu?"

"Hajui kusema. Bado mdogo."

Kuanzia hapo Dada alilala kitanda cha chini. Mama yake aliona. Alijiambia ni vizuri watoto wakipendana.

*

Siku ya saba, saa tisa alasiri, jua likiwa kali na kambi nzima imejinyoosha vivulini, Mama Dada alikuwa peke yake mezani ndani ya gari akichagua mchele. Mbele yake palikuwa na bilauri ya maji. Fundi alikuwa ziwani na Dada.

Gari likainama. Likainama sana, zaidi ya vile lilivyoinama siku ya kwanza, zaidi hata ya vile linavyoinama Fundi anapopanda na gunia begani; springi za upande wa vitanda zikalia kwa muda mrefu, mbao zikajibu, na maji ndani ya bilauri yakalala upande, yakaelekea pazia la chini, yakabaki vivyo hivyo, yamelala, kama maji ya chombo kilichowekwa mlimani. Pazia halikutikisika. Nyuma yake kitu kilivuta pumzi polepole, pumzi ya mtu aliyeshiba.

Mama Dada hakuogopa bado. Hilo ndilo alilokuja kujilaumu baadaye, kwamba hata hapo aliyatazama maji yale na kufikiri, anakua, mwanangu anakua.

Kisha akamsikia Dada akija mbio kutoka ziwani, akicheka kwa sauti nyembamba, akamwona mlangoni na nywele zilizolowa, akamwona akiiruka ngazi kwa miguu miwili kama alivyofanya kila siku tangu gari lilipokuwa halijapakwa rangi, mruko ambao siku zote ulitikisa vyombo kabatini na kumfanya mama yake aseme taratibu wewe mtoto utatuvunjia nyumba, na miguu ile miwili ikatua kwenye sakafu ya mbao na haikutoa sauti, springi hazikulia, kabati halikutikisika, na maji ndani ya bilauri, ambayo Mama Dada alikuwa hajayaondolea macho, hayakusogea hata unywele, kana kwamba mtoto aliyeingia ni kivuli cha mtoto, kana kwamba uzito wake wote ulikuwa umeshatangulia kuingia na ulikuwa umelala pale, nyuma ya pazia, ukipumua.

"Mama, mbona unanitazama hivyo?" Dada aliuliza.

Mchele ulikuwa umemwagika wote.

*

Alimkuta Fundi nyuma ya gari, amerudi kutoka ziwani, akamvuta mkono mpaka kwenye miti.

"Dada hana uzito," alinong'ona. "Ameruka ndani na gari halikumsikia."

Fundi alitazama chini. "Najua."

"Unajua nini?"

"Jana nilimbeba. Ilikuwa kama kubeba koti." Alijifuta uso kwa kiganja. "Nikajiambia amekonda."

"Baba Dada. Ulijua toka lini?"

"Toka siku ya kwanza. Ulipokuwa unaongea na Bibi niliingia, nikapitisha mkono kwenye pazia." Akainua kidole cha shahada. "Alinishika kidole. Hiki. Alivyokuwa anakishika."

"Na ukanyamaza."

"Niliona nikikwambia kwamba na mimi ninajua, ataondoka. Na ulikuwa umeanza kucheka."

Walisimama pale, kila mmoja akimwona mwenzake, na hawakuwa na cha kulaumiana kwa sababu kosa lilikuwa moja na walilifanya wote wawili kwa kupendana. Kisha wakaenda kwa Shangazi.

Walimkuta kwenye kamba zake, kati ya mashuka meupe. Hakuacha kuanika.

"Nilikuwa nangoja mje wenyewe," alisema. "Ningewafuata mngenifukuza."

"Ni mwanangu?" Mama Dada aliuliza. Alijua, lakini aliuliza.

"Si mwanao. Ni jini la hapa. Mimi naliita mwizi wa nafasi. Halina uso wala umri, linakaa ziwani hapo toka bibi yangu hajazaliwa, na halimdhuru mtu mpaka lipewe mahali pa mtu." Alibana kibanio. "Nani alilipatia?"

"Mama Maziwa aliniuliza mdogo yuko wapi. Nikasema amelala."

Shangazi aliacha kuanika. "Ukamaanisha vile vya wakubwa."

"Ndiyo."

"Na lenyewe likasikia vile vya kawaida. Mtu akiwa amelala, kuna saa ataamka. Likaamka. Mkaliletea maziwa, kofia, shuka, ngazi. Sasa lina kila kitu isipokuwa mwili, na mwili ulio karibu nalo ni mmoja."

"Tuwashe gari tuondoke," Fundi alisema. "Sasa hivi."

"Mtaondoka nalo. Nyumba yenu ina magurudumu." Alijipangusa mikono. "Neno lilitamkwa mlangoni, litarudishwa mlangoni. Na atakayelirudisha ni yule yule aliyelitoa. Nitamwita yule binti yangu aje na kikombe chake."

*

Mama Maziwa alikuja akilia. Alibeba sinia lenye kikombe kimoja. "Mimi nilileta maziwa tu."

"Ulileta maziwa, ndugu yangu," Mama Dada akamwambia. "Hukufanya kosa lolote. Usilie."

Mzee wa treni na Bibi walikuwa wamesimama mbali kidogo. Bibi alikuwa ameziba mdomo kwa ufumaji wake. Fundi alijaribu kwanza kumtoa Dada, aliyekuwa amelala kitanda cha chini. Akavuta pazia, akamshika Dada mabegani, akamwinua bila shida kama anainua nguo, lakini mkono mmoja wa Dada ulibaki kule ndani ya giza la kitanda, umeshikwa, na haukuachiwa, na Dada akalia, "Baba unamuumiza." Fundi akamrudisha chini. Alitoka akiwa na uso wa mtu aliyezeeka.

Shangazi alimsimamisha Mama Dada mlangoni pa gari, mgongo wake ukitazama ndani. "Mama Maziwa atakuuliza. Wewe utamjibu yeye peke yake. Kitakachokuita nyuma yako, usikiitike. Hata kikiita kwa jina gani. Umenielewa? Ukiitika umekipa mtoto wa pili."

Akampa Mama Maziwa ishara.

"Na mdogo je?" Mama Maziwa akauliza, sauti yake ikiwa imebaki kidogo sana. "Yuko wapi?"

"Ametutoka," Mama Dada akasema.

Shangazi akatikisa kichwa. "Aliyetoka anarudi. Sema vingine."

"Na mdogo je? Yuko wapi?"

"Ametangulia."

"Basi anawangoja njiani. Vingine."

Nyuma yake springi zililia. Harufu ya udongo ilikuja yote kwa pamoja, nzito, baridi, ikamfunika kichwa.

"Na mdogo je," Mama Maziwa aliuliza mara ya tatu, machozi yakimiminika ndani ya maziwa. "Yuko wapi?"

"Mama," sauti ikasema.

Ilikuwa sauti ya mwanawe. Haikuwa ya kuigiza, haikuwa na mwangwi wala ukali, ilikuwa ile ile, yenye kijikohozi kidogo mwanzoni, na ilisema Mama kama alivyosema kila asubuhi akiwa hajafungua macho, nimeamka, Mama, njoo, na ilipoona haji ikasema tena kwa mshangao, kwa kuwa katika miaka mitatu ya maisha yake hakuwahi kuita mara mbili, na mara ya tatu ikaanza kulia, na Mama Dada alisikia maziwa yaliyokauka miezi na miezi yakimchoma kifuani, akasikia miguu midogo ikishuka kitandani, tap, tap, ikija nyuma yake kwenye sakafu ya mbao, akasikia kiganja kidogo cha baridi kikimshika nyuma ya goti mahali ambapo kimo chake kilikuwa kinafika, na kwa mbali sana, kama mtu anayeongea chini ya maji, akamsikia Dada naye akisema, "Mjibu, Mama. Anakuita. Mjibu."

Alimtazama Mama Maziwa machoni.

"Amekufa," alisema.

Kiganja kilikaza.

"Mwanangu amekufa. Alikufa siku ya nne ya homa, asubuhi, nikiwa nimempakata. Baba yake alimtengenezea sanduku kwa mbao zilizobaki kwenye kitanda hiki. Mimi ndiye niliyemfunika uso. Hakulala. Amekufa, na maziwa haya hayana mwenyewe."

Shangazi alikinyakua kikombe akakimwaga chini.

Gari liliruka. Liliinuka kwenye springi zake kama lililoondolewa mzigo wa mawe, madirisha yakagonga, na kitu kikampita Mama Dada mgongoni, kikashuka ngazi ile fupi kidato kwa kidato, bila haraka, kikaelekea ziwani. Hakuna aliyeona kitu. Maji yaliguna mara moja yakatulia. Harufu ikakatika.

Kisha ndani ya gari Dada akaanguka kutoka kitandani, kwa kishindo, na vyombo vyote vikatikisika kabatini. Fundi alipiga magoti pale pale kwenye mavumbi. Hakuna kishindo alichowahi kukisikia kizuri kama hicho.

*

Asubuhi gari jeupe la majirani halikuwepo. Mzee na Bibi waliondoka kabla ya jua bila kuaga, na alama za matairi zilionyesha walivyozunguka mbali, wakapita kwenye majani marefu, ili wasipite mlangoni pao. Mama Maziwa hakuja. Mama Dada alimwona kwa mbali akigawa maziwa kwenye magari mengine; akainua mkono kumsalimu, na Mama Maziwa akageuza uso, taratibu, kama mtu ambaye hakuona. Mama Dada hakumlaumu. Shangazi peke yake ndiye aliyekuja, akawasaidia kukunja turubai, akambusu Dada kwenye utosi, akasema, "Mpelekeni nyumbani. Apikiwe."

Dada alikuwa mzima. Alikula, mikono ilikuwa na joto, na kila alipotembea ndani ya gari bilauri zilitikisika. Alikaa nyuma karibu na dirisha. Walikuwa wamekwenda nusu siku aliposema neno lake la kwanza.

"Alikuwa anakuita."

Mama yake alihamia kiti cha nyuma, akakaa naye. "Hakuwa yeye, mwanangu. Kilikuwa kitu kibaya, kilichukua sauti yake. Kilitaka kukuchukua wewe."

"Lakini wewe ulijua ni sauti yake."

"Nilijua."

"Alikuita mara nyingi," Dada alisema. Hakuwa na hasira. Alikuwa anajaribu kuelewa. "Alikuwa analia. Na ulikuwa karibu, na hukugeuka."

Mama Dada alimshika mkono. Mkono ulikubali kushikwa. Ulikuwa mzito na wa joto, na alikuwa ameulipia, naye hakuwa na namna ya kumweleza mtoto wa miaka saba alilipa kwa kitu gani.

Nyumbani Dada alirudi shule. Alikuwa na adabu kuliko zamani. Alipotaka maji aliyachota mwenyewe. Alipoota ndoto mbaya alikwenda upande wa baba yake, akasimama kimya mpaka Fundi alipohisi mtu na kufungua macho. Ilichukua wiki kadhaa Mama Dada kutambua kilichopungua ndani ya nyumba: ilikuwa sauti moja tu, ile ya mtoto anayeita Mama kutoka chumba kingine.

Siku moja alitoka kuanua nguo nyuma ya nyumba akamkuta amekaa kwenye kizingiti cha stoo. Bati lilikuwa limemchana paja. Damu ilikuwa imeshuka mpaka kwenye kiatu, imeanza kuganda, maana yake alikuwa amekaa pale muda mrefu, na dirisha la jiko, ambako mama yake alikuwa akiosha vyombo, lilikuwa hatua tano kutoka hapo na lilikuwa wazi.

"Mwanangu," Mama Dada alisema, akipiga magoti, akichana khanga yake kwa meno. "Kwa nini hukuniita?"

Dada alimtazama. Hakulia. Alinyoosha mguu vizuri ili kidonda kifikike, akangoja mpaka fundo likazwe, kisha akasema asante, kwa heshima, kama mtu anavyomshukuru mpita njia aliyemfanyia wema.